Dalali Ana Mtu Wake, na Si Wewe

Mwandishi mwenzangu anashikilia kwamba mnunuzi wa nyumba Dar es Salaam hana haja ya wakili, kwa kuwa dalali yuko katikati na huwalinda wote wawili. Napinga.

Dalali analipwa na nani? Aghalabu muuzaji, tena kwa asilimia ya bei. Nyumba ya shilingi milioni 80 kwa asilimia 5 inampa milioni 4. Ukipunguziwa milioni 10, yeye anapoteza laki tano. Kwa nini akupiganie? Na kuna cha juu: mwenye nyumba anataka milioni 70, wewe unatajiwa 80, tofauti ni ya dalali, na hamkutanishwi mpaka siku ya kusaini.

Eti dalali "anaijua nyumba". Anaijua, ndiyo. Lakini si kazi yake kwenda kwa Msajili wa Hati kuuliza kama imewekwa rehani benki, wala kuhakikisha mke wa muuzaji ameridhia, kama Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka kwa nyumba ya familia.

Sisemi madalali ni matapeli. Wengi wanafanya kwa uaminifu kazi waliyopewa na muuzaji. Kwa hiyo, kabla hujampa dalali hata hela ya usumbufu wa kukuonyesha nyumba, muulize analipwa na nani, na kiasi gani. Kisha tafuta wakili wako mwenyewe, asiyeletwa naye.