Nani Kasema Virutubisho Havina Madhara?

Panda basi la mikoani. Kabla halijatoka stendi, mchuuzi atasimama katikati ya viti na kopo mkononi, ataje kisukari, presha, vidonda vya tumbo, kisha saratani. Akiona abiria wanasita, humalizia hivi: hii si dawa, ni virutubisho tu, hata isipokusaidia haitakudhuru.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ninayoyapinga. Yameshuka kwenye basi yakaingia majumbani, na sasa watu wenye elimu zao wanayarudia mbele ya mgonjwa aliyeanza mionzi.

Ufini walijaribu. Wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 waliingizwa kwenye utafiti, baadhi wakapewa vidonge vya beta-karotini, ile inayoipa karoti rangi yake, kwa matumaini kwamba ingewakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wameipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Marekani jaribio la namna hiyo lilisimamishwa Januari 1996, kabla ya muda wake, kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 2011 ikaja zamu ya vitamini E: wanaume walioimeza walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi. Na hivyo vilikuwa vidonge safi, vya kipimo kinachojulikana, vikisimamiwa na watafiti. Kopo la kwenye basi nani analidhamini?

Hao walianza wakiwa hawana saratani. Aliye kwenye matibabu yuko hatarini zaidi. Mionzi, na baadhi ya dawa za kemo, huua seli ya saratani kwa kuzalisha ndani yake chembe kali zinazokata vinasaba vyake. Virutubisho vingi vinasifiwa kwa kuzizima chembe hizo hizo. Huko Quebec, Kanada, wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo walipewa vitamini E wakati wa mionzi na baada yake. Mwanzoni wengine walipata pia beta-karotini, na kwa hao madhara makali ya mionzi yalipungua. Ndugu anayemwona mgonjwa wake anameza uji bila kulia kwa maumivu ya koo ataapa kwamba vidonge vinafanya kazi, na simlaumu. Lakini walipofuatiliwa kwa miaka, waliopewa vitamini E walifariki zaidi kuliko wasiopewa.

Madaktari nao hutumia vitamini. Mgonjwa wa saratani ya mapafu anayetibiwa kwa pemetrexed hupewa asidi ya foliki na vitamini B12 ili dawa isimuumize kupita kiasi. Anayepoteza damu hupimwa kwanza, na akikosa madini ya chuma huongezewa. Hapo kuna sababu, kuna kipimo, na kuna mtu wa kuulizwa mambo yakiharibika. Anayekonda anahitaji mayai, maharage, dagaa, uji wenye maziwa, na nauli ya kurudi kliniki. Pesa ya kopo ingevilipia hivyo.

Kinachonikera zaidi ni usiri. Mgonjwa anaficha kopo kwa kuogopa kufokewa, daktari anapanga dozi bila kujua. Muuguzi aulize kabla ya dripu ya kwanza, kwa upole, na aulize tena kila mzunguko. Na ndugu waje na kopo lenyewe, wasilete jina tu, maana kinachotakiwa kusomwa ni lebo.