Reli Isiyofika Kwetu

Sisi wa Gitaza kila mwaka hupelekwa Mugere kulitazama jiwe la Livingstone na Stanley, waliofika huko mwaka 1871. Sina ugomvi na jiwe. Lakini mabwana wale walipita tu. Mbona hatupelekwi Kigoma kuiona stesheni?

Reli ya Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Ndiyo iliyoleta vipande vya meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani, vikaungwa upya ufukweni. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha. Ikaibuliwa, ikarudi kazini mwaka 1927. Shehena za ng'ambo zilishuka garimoshini zikapanda meli hadi Bujumbura. Marehemu babu yangu alikuwa kuli pale bandarini, na bega lake la kulia lilibaki limeshuka mpaka alipofariki. Jina lake halimo katika jiwe lolote.

Wenzangu husema reli si historia yetu kwa kuwa haikuvuka mpaka. Mimi nakataa. Mizigo ilivuka, na mabega yaliyoibeba yalikuwa yetu pia. Safari ijayo na iwe Kigoma. Nauli ikiwa ghali, tuchange, mimi nitaanza.