Cheti kinaposoma ‘hakuna mbegu’

Msomaji mmoja ameniandikia kuwa ana miaka 6 ya ndoa bila mtoto. Mkewe amepimwa kila kitu, amekunywa dawa za hospitali na za kienyeji, amesemwa na mawifi hadi basi. Mume alipokubali kupima mwaka huu, cheti kikasoma sifuri: hakuna mbegu hata moja kwenye manii. Amekificha. Anauliza kama amwache mkewe akaolewe na mwingine.

Kaka yangu, hujafika huko. Kwanza kipimo hicho hurudiwa baada ya wiki kadhaa. Pili, mbegu kutoonekana kwenye manii si lazima iwe hazitengenezwi. Wapo ambao korodani zinafanya kazi vizuri ila njia imeziba, pengine kwa kisonono cha zamani au upasuaji wa ngiri wa utotoni. Kwao daktari huchoma sindano kwa ganzi na kuvuta mbegu kutoka nyuma ya korodani, na mara nyingi zinapatikana.

Wengine ni korodani zenyewe zinazozalisha kwa shida. Hapo hufanyika upasuaji, daktari akitafuta kwa hadubini sehemu ndogo ambazo bado zina mbegu. Karibu nusu hupata. Waliobaki hutoka mikono mitupu, na hili uambiwe kabla hujalipa. Kabla ya kisu kuna vipimo vya damu vya homoni na vinasaba, kwa sababu zipo kasoro za kurithi ambazo upasuaji hauwezi kuzisaidia. Mweleze daktari pia kama unachoma testosteroni ya kujenga misuli (vijana wa jimu mnanisikia?), maana hiyo yenyewe huzima utengenezaji wa mbegu.

Zikipatikana, hazirudishwi kwako. Maabara huingiza mbegu moja ndani ya yai moja, njia iliyotangazwa Brussels mwaka 1992. Yai hilo ni la mkeo. Ndiye atakayechomwa sindano za homoni na kutolewa mayai, na umri wake una uzito mkubwa katika matokeo. Gharama ni kubwa. Uliza mapema kama kituo kinagandisha mbegu zinazobaki, usije ukapasuliwa tena.

Kuhusu kumwacha: unawezaje kuamua jambo hilo wakati mkeo hajakiona cheti? Mwonyeshe leo. Na mawifi ni dada zako, wewe ndiye wa kuwaambia wanyamaze.