Mwaka wa nane umeisha, mtoto aende seksio gani?

Kila mwaka masomo yanapokaribia kuanza mwezi wa tisa, swali moja linarudi katika nyumba nyingi za Kindu, kuanzia Kasuku hadi Mikelenge na ng'ambo ya Lualaba, huko Alunguli: mtoto aliyemaliza mwaka wa nane asome seksio gani? Tangu sheria ya 2014, elimu ya msingi ni miaka minane. Baadaye inabaki miaka minne ya umanite, kisha mtihani wa serikali, Exetat. Mwisho wa mwaka wa nane kuna jaribio la Tenasosp, ambalo kazi yake ni pia kumwelekeza mwanafunzi. Wazazi wengi wanatazama hapo jambo moja tu: amepita au hajapita.

Kisha baba anaamua. Mvulana anasukumwa katika sayansi kwa sababu mtoto wa jirani yuko huko. Msichana anapelekwa pedagojia hata kama ndiye aliyewashinda wote katika hesabu, na hilo ndilo baya zaidi. Pedagojia ni kazi ya heshima, na mwenye diploma yake anaweza kushika darasa la shule ya msingi mara moja. Lakini atakayetaka udaktari kesho atafika chuo kikuu na fizikia na kemia kidogo mno, na wenzake hawatamngoja.

Kinachofaa kutazamwa ni buletini. Mtoto mwenye pointi nzuri za hesabu mwaka wa saba na wa nane apewe sayansi, awe msichana au mvulana. Aliyehangaika miaka yote miwili asilazimishwe ili mzazi apate la kusema mtaani.

Na shule yenyewe je? Elimu ya bure ya 2019 ilihusu shule za msingi. Umanite bado inalipiwa. Basi kabla ya kutoa franga zake, mzazi amuulize prefe: nani anafundisha fizikia, na yupo tangu lini? Wanafunzi wanagusa vyombo vya maabara, ao kemia ni ya kunakili ubaoni tu? Sayansi bila mwalimu wa fizikia ni jina lililoandikwa ukutani. Afadhali seksio ya biashara yenye walimu wake kamili.

Kubadili seksio katikati ya njia ni shida, mara nyingi ni kurudi nyuma mwaka mzima. Ndiyo maana mtoto mwenyewe aulizwe sasa, buletini ikiwa mezani, kabla madaftari hayajanunuliwa.