Kitufe Umebonyeza, Sasa Nani Anakuja?



Leo sina mishono. Mabiharusi mnaosubiri picha za magauni ya mfunguo mosi mtanisamehe, zipo na zitakuja inshallah. Leo kuna jambo limenikaa kooni tangu Ramadhani, na wiki iliyopita nimechokonolewa tena, nikaona nikinyamaza nitapasuka.

Kwa wasionijua, mie mtoto wa Unguja. Kidato cha nne nilimaliza huko, ushoni nikausomea, kisha nikafuata mume Arusha. Sasa nina duka lenye cherehani nne Kaloleni. Nashona mabaibui, madera na nguo za harusi, na siku za gulio napeleka mitandio Tengeru. Mkisikia Arusha mnawaza watalii na Mlima Meru asubuhi ukiwa umejifunika wingu. Ni kweli, mji mzuri. Lakini mji huu una njia mbili, ya lami yenye taa, na ile ya kwenda nyumbani kwa watu wanaofanya kazi. Ya pili ni kichochoro, migomba huku, ukuta wa tajiri kule, na giza. Kuanzia Sakina mpaka Moshono, na ukipanda juu Ilboru na Sekei kwenye mashamba, msichana akishuka kwenye kifodi usiku, zilizobaki ni dakika kumi za miguu na dua.

Wiki ya mwisho ya Ramadhani mafundi tunakesha, mnajua. Usiku mmoja binti niliyekuwa namfundisha kazi, nitamwita Mwanaidi ingawa silo jina lake, alitoka dukani saa nne na nusu. Anakaa ng'ambo ya Mto Themi. Kijana alishuka naye kituo kimoja akaanza kumfuata. Alipopunguza mwendo, naye akapunguza. Mwanaidi akatoa simu. Simu janja, kioo kimepasuka lakini inafanya kazi, ila bando limekwisha kwa kunitumia mimi picha za gauni la mteja. Salio la dakika mbili alikuwa nalo. Akanipigia. Mie nilikuwa kwenye sala, simu nimeizima sauti. Akapiga tena. Alipopiga mara ya tatu ndipo aliposhikwa mkono.

Nilikuta simu tatu zisizopokelewa. Mpaka leo nikitoa salamu ya mwisho kwenye sala, mkono unakwenda kwenye simu wenyewe.

Alhamdulillah, aliokolewa. Na aliyemwokoa hakuwa na programu yoyote. Alikuwa mama muuza chipsi, amefunga biashara anaosha karai, akasikia purukushani akaja mbio na kijiko chake kirefu cha chuma huku anapiga yowe: "Mwizi! Mwizi!" Kijana akakimbia. Nilipokwenda kumshukuru nikamuuliza, mbona mwizi, wakati hakuna kilichoibiwa? Akanicheka. "Mwanangu, mwanamke akilia nisaidieni hapa, watu wanaongeza sauti ya redio. Wanasema hayo ni ya mtu na mtu wake. Ukisema mwizi, wanatoka."

Kituoni tulikwenda asubuhi yake. Kituo sikitaji. Kibao cha Dawati la Jinsia na Watoto kipo, mlango umefungwa, wa kaunta akauliza swali la kwanza: saa hizo alikuwa anatoka wapi? La pili, alikuwa amevaa nini? Jamani, alikuwa na baibui nililolishona kwa mikono yangu mwenyewe, na mtandio umebanwa kwa pini. Nilitaka kulivua langu nimuonyeshe mshono.

Sasa nije kwenye kilichonichokonoa. Nimealikwa semina hotelini, "wanawake wajasiriamali na usalama". Vijana watatu, wana adabu, wamesoma, mashallah. Wametengeneza programu ya simu. Ukiwa hatarini unaifungua, unagusa ua la rangi ya waridi, inatuma mahali ulipo. Maandishi yote Kiingereza. Inataka simu janja, inataka bando, inataka uwe umejisajili kwa barua pepe. Wakatuonyesha ukutani, watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono nikauliza: nikishagusa hilo ua, nani anakuja?

Kijana akajibu kwa upole kwamba mfumo utatuma taarifa.

Kwa nani?

Kwa mfumo.

Watu wakacheka, nami nikakaa. Ila nilirudi nyumbani nimevimba, na haya ndiyo niliyotaka kusema kabla chai haijaletwa.

Mshonaji hakati kitambaa kabla ya kumpima mtu. Hawa wamekata kwanza. Wamechukua kipimo cha mwanamke mmoja tu, mwenye simu nzuri, umeme nyumbani, anayesoma Kiingereza na anayeogopa mtu asiyemjua. Mama wa Ngaramtoni anayeshuka na ndizi ana kiswaswadu, na chaji anailipia dukani. Hakupimwa. Wala hakupimwa mke ambaye simu yake inapekuliwa kila usiku. Huyo akikutwa na ua la waridi, ua lenyewe litamtia kwenye kipigo kingine.

Na hili la mke si dogo. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wanawake 27 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu wafikishe miaka 15. Mwaka 2015 na 2016 walikuwa 40, kwa hiyo tumshukuru Mungu kwa kilichopungua. Lakini kwa walioolewa, anayetajwa zaidi ni mume, wa sasa au aliyepita. Si jambazi wa kichochoroni. Sasa programu inayotuma mahali ulipo saa zote, siku mume akiishika yeye, inamsaidia nani? Mwanamke aliyekimbilia kwa shangazi yake atafuatwa kwa ramani hiyo hiyo. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Kule hotelini haikutajwa hata mara moja.

Msidhani napinga simu. Natumia simu kuliko sindano. Na mfano wa waliopima kwanza upo, tena hapa hapa Tanzania. Mkoani Mara, Rhobi Samwelly ana nyumba salama za wasichana wanaokimbia kukeketwa. Tabu ya kule ilikuwa kwamba msichana anaomba msaada, lakini kijiji chake hakipo kwenye ramani, na usiku gari litapita wapi? Ndipo mradi wa Crowd2Map, ulioanza 2015, ukakusanya watu wa kujitolea dunia nzima wakachora barabara na nyumba za vijiji hivyo kwa kutazama picha za angani. Vijijini wakachaguliwa watu wa kukaa na simu na kutoa taarifa. Hebu tazameni mpangilio wake. Nyumba ya kumpokea ipo, gari lipo, mtu kijijini yupo, na simu ni uzi wa kuviunganisha. Uzi bila kitambaa ni nini, shoga?

Hata wale wasichana watano wa sekondari kutoka Kisumu, waliokwenda na programu yao ya i-Cut mpaka California mwaka 2017, waliweka kitufe cha kumwita mwokozi na kingine cha kutoa taarifa. Watoto wa shule! Walijua kwamba mwisho wa kitufe lazima kuwe na mtu.

Na nyie wa visiwani mnacho cha kutufundisha. Vituo vya Mkono kwa Mkono, kama kile cha Mnazi Mmoja, mwanamke anakuta daktari, polisi na mshauri sehemu moja, hazungushwi mlango kwa mlango akisimulia aibu yake mara tano. Tangu 2021 mna na mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji. Najua mtaniambia bado kuna sulhu za kifamilia zinazoua kesi usiku. Najua. Lakini sehemu ya kufikia ipo.

Kuna kundi jingine nalo lazima niliseme, na hili linauma maana ni watu wetu. Nilipoeleza kisa cha Mwanaidi, ndugu mmoja wa msikitini akaniambia dawa ni moja, wanawake wasitoke usiku. Kaka yangu, gauni la harusi la binti yako nani alilimaliza usiku? Mkunga aliyempokea mjukuu wako alifasiri zamu yake kuwa ni utovu wa stara? Na huyo anayepigwa ndani, aliyetii akakaa, umwambie asitoke wapi? Khawla bint Tha'laba alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumshitaki mumewe, akajadiliana naye, akamlalamikia Mola wake, na ikateremka Suratul Mujadila. Hakuambiwa angalikaa kimya. Malalamiko ya mwanamke yalisikiwa juu ya mbingu saba, sisi tunashindwa kuyasikia kwenye kaunta ya kituo.

Basi, mie fundi cherehani nitengeneze nini? Nimeshaambiwa ni rahisi kukosoa. Haya.

Kwanza ifanye kazi kwenye kiswaswadu. Namba moja tu ikishikiliwa kwa muda, meseji ya kawaida iende kwa watu watatu, bila bando. India waliagiza kuanzia 2017 kila simu mpya inayouzwa iwe na kitufe cha dharura, na kwenye simu za vitufe ikawa ni kushikilia namba tano au tisa. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Isiandikwe "usalama wa wanawake" kwenye kioo. Iitwe kikokotoo au dira ya kibla, mwenye simu ajue mwenyewe. Iwe na namna ya safari: nikipanda bodaboda natuma neno, nisipotuma la pili ndani ya dakika nilizoweka, watu wangu wanaamshwa. Maana ukishikwa mkono, kama Mwanaidi, huna tena mkono wa kubonyeza. Na iweze kupenya simu iliyozimwa sauti. Hilo msilisahau, nawaomba.

Isipige kelele kwa mtaa mzima. Nimeona tayari mtu akipendekeza iwaite wote walio karibu. Hapana. Hapa tunajua neno "mwizi" linafanya nini likiangukia watu wenye mawe. Siku moja atakufa kijana asiyehusika, na dhambi itakuwa ya kitufe chetu. Waitwe watu waliochaguliwa na wanaojulikana: mwenyekiti wa mtaa, polisi kata, mama wawili wenye biashara za usiku, viongozi wa vijiwe vya bodaboda, ambao madereva wao tunawajua kwa namba na sura. Yule mama wa chipsi alikuwa hatua arobaini kutoka kwa Mwanaidi. Mie nilikuwa kilomita nne.

Na kituoni pawe na askari wa dawati usiku. Usiku, narudia, maana wapigaji hawafuati saa za ofisi. 112 ya polisi ipo, 116 ya watoto ipo, zote bure, lakini mtu akishasema "niko njia ya mtoni baada ya duka la Mangi", Arusha nzima ina maduka ya Mangi. Laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu 2020, tulipanga foleni juani kwa hilo. Wanajua mimi ni nani. Basi nikiomba msaada wajue pia niko wapi, kwa ruhusa yangu, na kwa dakika hizo tu.

Mabiharusi wangu, nyie nawageukia mwisho kwa sababu mko kwangu kila wiki mnapimwa kiuno. Somo anakufundisha singo, udi, namna ya kumkaribisha mume. Vizuri, na mie nilifundishwa. Muulize somo wako pia: nikiinuliwa mkono, nimpigie nani? Akikwambia vumilia mwanangu, tafuta na somo wa pili. Chagua watu wako watatu kabla ya nikahi, wajue neno lenu la siri. Kwangu ni "gauni limebana". Mteja akinitumia hilo usiku siendi na sindano.

Mwanaidi hayupo tena dukani. Kaka yake alikuja kumchukua siku ya Idi pili, akampeleka Kondoa kwa wazazi, akaniambia mjini kumemshinda. Alikuwa amebakiza miezi miwili aanze kukata nguo mwenyewe. Yule kijana yupo, mama wa chipsi anamuona.

Nyie vijana wa programu, kama mnasoma, sijawakasirikia. Njooni Kaloleni na kiswaswadu kimoja, mniulize mie, muulize na wateja. Ila msije Jumatano wala Jumamosi, nakuwa Tengeru.