Wapiga stili gita, acheni kuabudu wati

Nitasema na mnitukane mkitaka: mtu anayejenga raki ya stili gita akianza kwa kuuliza "ampu ya wati ngapi?" ameanza na swali la tatu. La kwanza ni spika. La pili ni omu. Wati zikuje baadaye.

Wengi mnajua hii ala kwa sauti hata kama jina hamjui. Ule mlio wa kulia-lia kwenye country za Nashville ambazo wazazi wetu hawachoki nazo. King Sunny Adé wa Nigeria pia aliiingiza kwa juju. Mchezaji anaketi, gita liko mbele yake kama meza, nyuzi 10, mkono wa kushoto unateleza na kipande cha chuma, miguu iko kwa pedali.

Na mguu wa kulia, huo una kazi moja: pedali ya volyumu. Anapiga uzi pedali ikiwa nusu, halafu noti ikianza kufa anaikanyaga polepole, ndio inabaki hai. Sasa shida ni kwamba ule mpigo wa kwanza una kilele kikali kushinda noti yenyewe. Ampu ndogo ikifika hapo inakata kilele na sauti inakuwa na mikwaruzo. Mtu wa roki huitafuta hiyo mikwaruzo kwa pesa. Kwa stili, hasa nyuzi tatu zikilia pamoja, hayo ni matope tu. Ndio maana Peavey Nashville 400 ilitengenezwa na zaidi ya wati 200 na spika ya inchi 15, huku mpiga gita la kawaida aliye kando yake ametosheka na wati 40 za valvu.

Kwa hivyo ndiyo, nguvu inahitajika. Lakini sikio halihesabu kama risiti, manze. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 pekee. Ili sauti isikike kama imeongezeka maradufu, unahitaji wati karibu mara 10. Mtu anatoka 300 kwenda 600, mfuko umelia, na jukwaani tofauti ni kidogo tu. Spika ya desibeli 100 badala ya 97, kwa wati moja na mita moja, inakupa hizo hizo 3 bila kugusa ampu. Hiyo namba iko kwenye karatasi ya spika. Isome.

Halafu omu. Ampu imeandikwa 500, unafurahi, kumbe ni kwa omu 4. Spika yako ni omu 8, hapo utapata kitu kama nusu. Na ukiunganisha chaneli mbili zisukume spika moja ya omu 8, kila chaneli inahisi kama imebeba omu 4. Ukiweka spika ya omu 4, inahisi 2, na si kila ampu itavumilia hiyo. Nayo mambo ya PMPO yaliyoandikwa kwa maboksi ya sabufa pale Luthuli Avenue, tafadhali yasiingie haya mazungumzo. Uliza RMS.

Kuna wazee wa valvu watakuambia klasi D haina roho. Nawaheshimu, Fender Twin Reverb imebeba stili miaka mingi na wati zake 85. Lakini ina karibu kilo 29, na wewe tayari umebeba gita zito na sanduku lake, unabembeleza makanga akufunguliee buti. Kwa raki, utamu unatoka kwa preampu na spika. Ampu ya nguvu isiongeze kitu. Unataka joto la valvu? Liweke kwa preampu.

Kitu kingine kinachoua watu ni umeme. Ampu nyingi nzuri za mtumba zinatoka Marekani, ni za volti 120. Zetu ni 240. Kuna zenye swichi nyuma, kuna zinazojirekebisha zenyewe, na kuna zitakazokufa siku ya kwanza ukizichomeka. Soma kibandiko cha nyuma kabla hujatuma pesa. Ukilazimika kununua transfoma ya kushusha volti, ule uzito uliokimbia umerudi nyumbani.

Mimi ningechukua klasi D ya wati 200 hadi 300 RMS kwa omu 8 kwa kila chaneli, feni isiyopiga kelele, na pesa inayobaki yote iende kwa spika ya inchi 15. Ya inchi 12 iko sawa kama unapiga kanisa dogo. Kwa jukwaa la nyama choma, na drama zimekaa hapo kando ya sikio lako, hutaifurahia.