Nyakanazi ipangiwe njia za miguu kwanza

Nauza chai na ndizi Nyakanazi, wilayani Biharamulo, pale barabara ya Kigoma inapokutana na ile ya Kahama kwenda Rusumo. Abiria akishuka usiku na mzigo kichwani, hugombania ukingo wa lami na bodaboda na malori ya kwenda Rwanda na Burundi.

Mwaka 2018 Tanzania na Rwanda zilikubaliana kujenga reli ya kisasa, Isaka hadi Kigali. Reli hiyo ikijengwa huenda watu wakazidi hapa Nyakanazi, lakini tusingoje treni ndipo tupime viwanja. Halmashauri itenge sasa njia za miguu, taa na mifereji yenye mifuniko. Soko, zahanati na vyumba vya kupanga viwe jirani na stendi, malori yaegeshwe pembeni. Watu wakishajenga, fidia itatushinda.